Baba NA mama, au baba AU mama?

Tunawaandikia ninyi, ndugu zetu wa zoni zote za Nyarugusu, na ninyi mnaotusoma kutoka Nakivale, Kyangwali, Kakuma, Mahama, Kavumu na kwingineko. Leo hatuandiki juu ya posho wala juu ya fainali ya mpira. Leo tunaandika juu ya urais. Tunajua mtacheka: mkimbizi na urais wapi na wapi? Hata sisi tulicheka, mpaka mtoto mmoja alipotunyamazisha.

Ilikuwa Ijumaa jioni, ule muda wetu wa kusaidia watoto wa shule ya msingi kusoma na kuandika. Zoezi la siku hiyo lilikuwa rahisi: ukikua unataka kuwa nani? Majibu yalikuwa yale yale ya siku zote. Daktari. Rubani. Mchezaji mpira. Mmoja akasema anataka kuwa yule mtu wa shirika anayeshuka kwenye gari jeupe na karatasi mkononi. Halafu msichana mmoja wa miaka tisa akasema yeye anataka kuwa prezida. Wenzake wakaangua kicheko, na mvulana aliyekaa nyuma yake akamkata kauli: "Prezida wa wapi sasa? Baba yako Murundi, mama yako Mukongomani, na umezaliwaka hapa Tanzania!"

Msichana hakulia. Alitugeukia sisi wakubwa akauliza, tena kwa utulivu: "Basi muniambie. Mimi naweza kuwa prezida wa wapi?"

Tulimwambia asome kwa bidii kwanza. Hilo ni jibu la mtu mkubwa asiyejua. Usiku ule tulibaki watano tunabishana mpaka simu zikazima chaji, na wiki nzima iliyofuata tukachanga bando, tukatafuta katiba za nchi hizi tatu na kuzisoma. Kifaransa tulichojifunza sekondari kilitusaidia kwa ile ya Kongo na ile ya Burundi. Haya ndiyo tuliyoyakuta, pamoja na maoni yetu. Asiyekubaliana nasi aseme, hatutamchukia.

Tuanze na hapa tulipo. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, na wengi wetu tunaoandika tumezaliwa humu ndani. Kiswahili chetu ni nusu cha Fizi, nusu cha Kasulu. Lakini Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 39, inasema anayegombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 40, na apendekezwe na chama. Mmoja wetu aliposoma "raia wa kuzaliwa" akaruka: "Si ni sisi hao!" Hapana, ndugu. Kwa jinsi sheria inavyofuatwa, mtoto wa mkimbizi akizaliwa hapa anaandikwa mkimbizi kama wazazi wake. Neno "kuzaliwa" linamdanganya msomaji wa haraka. Kenya wamelieleza waziwazi zaidi: katiba yao ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye siku anazaliwa, baba au mama yake alikuwa Mkenya, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Maana yake huulizwi umezaliwa wapi. Unaulizwa umezaliwa na nani.

Kwa hiyo Tanzania haimo, na hatulalamiki. Nchi hii imetupa mahali pa kulala kwa karibu miaka 30. Tena iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa kundi lililokimbia 1972, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijawahi kulifanya kwa wingi huo. Na hata wao, kwa sababu ni raia wa tajnisi, urais hawawezi kuugombea; wanaoweza ni watoto wao waliozaliwa baada ya wazazi kupata uraia. Hayo ni ya wenyeji, wana haki ya kujipangia.

Burundi je? Burundi inafuata baba. Sheria yao ya uraia ya mwaka 2000 inampa mtoto uraia wa baba, na mama anahesabiwa pale tu ambapo baba hajulikani au hakumkubali mtoto. Na katiba yao inataka rais awe Mrundi wa kuzaliwa. Kwa hiyo yule msichana wetu, kwa upande wa baba, ni Mrundi kamili, na kwa karatasi mlango uko wazi. Lakini geuza familia hiyo kidogo tu. Kama baba angekuwa Mkongomani na mama ndiye Mrundi, mtoto huyo huyo, kwenye nyumba hiyo hiyo, angekuwa si Mrundi. Mama angekuwa amembeba miezi tisa na kumbeba tena mgongoni kwenye foleni ya maji, na sheria isingemuona. Dada zetu wawili kwenye kundi walikasirika sana hapo, na wana haki.

Sasa Kongo. Hapa tutakaa, kwa sababu ndiko kwetu, na ndiko kuna moto.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 72, haina mambo mengi. Anayegombea urais awe na uraia wa asili, awe na miaka 30 au zaidi, awe na haki zake zote za kiraia na za kisiasa, na asiwe kwenye makatazo ya sheria ya uchaguzi. Basi. Swali ni moja: huo uraia wa asili ni wa nani? Ibara ya 10 inasema ni mtu yeyote wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake ndivyo vilikuwa Kongo wakati wa uhuru, yaani 1960. Kisha sheria ya uraia ya Novemba 2004 inaongeza jambo ambalo tulilisoma mara tatu ili tuwe na hakika: ni Mkongomani tangu kuzaliwa, mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, baba AU mama, ni Mkongomani. Na uraia huo unahesabiwa kuwa wa asili.

Au. Neno dogo kabisa. Kwa neno hilo, msichana wa Ijumaa ni Mkongomani wa asili kupitia mama yake. Hakuna anayemfanyia huruma hapo, ni haki yake. Kasoro ni moja: katiba inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haukai pamoja na mwingine, kwa hiyo akikua hawezi kushika wa mama na wa baba pamoja. Itabidi achague. Lakini angalau ana cha kuchagua.

Sasa kuna watu wanaotaka kulitoa hilo neno.

Mwaka 2021 mbunge Nsingi Pululu alipeleka bungeni Kinshasa pendekezo lililobuniwa na Noël Tshiani, mchumi aliyefanya kazi Benki ya Dunia na kugombea urais 2018. Pendekezo linasema urais, pamoja na vyeo vingine vikubwa vya dola, viwe vya wale tu ambao baba NA mama wote wawili ni Wakongomani wa asili. Halikupita kabla ya uchaguzi wa 2023, lakini halijafa pia. Kila uchaguzi ukikaribia linaamka, na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp linasambazwa na watu wengi, hata wa humu kambini, wakiandika chini yake "Kongo kwa Wakongomani".

Kila mtu alijua linamtafuta nani. Moïse Katumbi alizaliwa 1964 Kashobwe, kule karibu na ziwa Mweru, mama Mkongomani, baba Myahudi wa Ugiriki kutoka kisiwa cha Rhodes. Alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na mpira wote wa Afrika unamjua kwa TP Mazembe. Mwaka 2018 alizuiwa mpaka wa Kasumbalesa asiingie kuweka jina lake kwenye uchaguzi. Mwaka 2023 Tshiani alikwenda Mahakama ya Katiba kuomba Katumbi aondolewe kwa sababu ya uraia. Mahakama ikakataa, Katumbi akagombea, akawa wa pili kwa kura kama asilimia 18, mbali sana nyuma ya Tshisekedi. Yaani wapiga kura wenyewe waliamua, bila kuhitaji kuchunguza damu ya mtu.

Tuseme wazi: sisi si watu wa Katumbi. Wengine kati yetu ni wa Lupopo, kumuangalia tu ni shida. Hoja yetu siyo yeye. Hoja yetu ni kwamba sheria ikitungwa kwa ajili ya mtu mmoja, mtu huyo ana mawakili, ana ndege, ana pesa, atapata njia. Wanaobaki chini ya sheria hiyo ni wengine ambao mtungaji hakuwahi kuwafikiria. Methali ya tembo na nyasi mnaijua.

Na nyasi ni nani? Hesabuni wenyewe kwenye kijiji chenu. Tangu Warundi walipofika hapa mwaka 2015, tumechota maji bomba moja, tumesali kanisa moja, tumeuza kwenye soko moja. Mlitegemea vijana wasioane? Kuna nyumba ambazo ndani yake Kibembe, Kirundi na Kiswahili vinaongewa kabla ya chai ya asubuhi. Na siyo mambo ya kambi peke yake. Mtu wa Uvira anakwenda Bujumbura asubuhi na kurudi jioni, na wazee wake walifanya hivyo kabla ya sisi kuzaliwa. Watu wa Luapula wana shangazi upande wa Zambia. Waliokimbilia Uganda wameolewa Uganda. Kongo inapakana na nchi tisa. Kando ya mipaka yote hiyo watu wanaoana kama kawaida ya majirani. Ukiandika "baba na mama", umewagusa hao wote, na hasa sisi watu wa mashariki, na kati yetu hasa sisi tuliokimbia.

Mtu atasema: mnapiga kelele kwa kiti kimoja, nani kati yenu atakuwa rais? Kweli, pengine hakuna. Lakini sikilizeni jinsi jambo hili linavyoshuka ngazi. Sheria ikishasema kwamba kuna Mkongomani wa wazazi wawili na Mkongomani wa mzazi mmoja, imeshagawa raia mafungu mawili, kamili na nusu. Leo nusu hawezi kuwa rais. Pendekezo lenyewe halikuishia kwa rais, limetaja na vyeo vingine. Kesho chifu wa mtaa atauliza kwa nini nusu anagombania naye shamba. Keshokutwa askari wa kizuizi barabarani atauliza mama yako alizaliwa wapi.

Na utamjibu kwa karatasi gani? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Miaka mingi sasa kadi ya mpiga kura ndiyo watu wanatumia kama kitambulisho. Sisi huku wazazi wetu walivuka ziwa na nguo walizovaa. Aliyebeba chungu alionekana tajiri. Kuthibitisha kwamba mzazi mmoja ni Mkongomani, hiyo tayari ni safari. Tunasaidia watu kujaza fomu, tunajua. Mtu anajua jina la kijiji, jina la chifu, jina la mto, lakini hana karatasi hata moja. Sasa mwambie athibitishe wazazi wawili, na mmoja alikufa njiani.

Mahali pasipo na karatasi, kinachosomwa ni uso. Pua, urefu, namna ya kutamka neno. Hatuhitaji kuwaeleza zaidi, kila mmoja wetu ana mtu wa familia aliyesomwa uso kwenye kizuizi. Ndiyo maana tunaogopa neno "na" kuliko tunavyomwogopa mgombea yeyote.

Tena Kongo ilishajaribu mchezo huu. Sheria ya 1972 iliwatambua kuwa raia watu waliotoka Rwanda na Burundi ambao walikuwa wanaishi Kivu kabla ya 1950. Miaka tisa baadaye, sheria ya 1981 ikakifuta kile kilichotolewa: raia wa asili akawa yule tu ambaye wazee wake walikuwa wa makabila yaliyokuwa kwenye ardhi ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Fikirini, 1885! Ni bibi wa nani aliyeandikwa mwaka huo? Watu waliolala raia wakaamka hawajulikani ni wa wapi. Hasira ya hapo ilikuwa kuni moja katika moto wa 1996, na moto huo ndio uliojaza kambi hii na kambi nyingine nyingi. Wenzetu Banyamulenge walioko kambi za Burundi na Rwanda mkisoma hapa mnalijua hili kuliko sisi. Ilipofika 2004 na 2006 ndipo tarehe ikasogezwa mpaka uhuru, na neno "au" likaandikwa. Siyo kwamba wanasheria walikuwa wema sana. Walikuwa wamechoka na maiti.

Halafu kuna Joseph Kabila. Kwa maelezo rasmi alizaliwa mwaka 1971 Hewa Bora, Fizi, baba yake akiwa msituni na waasi wake, na akakulia hapa Tanzania, uhamishoni. Januari 2001 akawa rais akiwa na miaka 29. Wazee wetu wa Fizi wanakumbuka furaha ya kusikia rais wa Kongo anaongea Kiswahili kama chao. Lakini wapinzani wake walisema tangu siku ya kwanza kwamba huyu si wetu, na mpaka leo maneno hayo hayajaisha. Uchaguzi wa 2006 Jean-Pierre Bemba alipiga kampeni kama Mkongomani wa asilimia mia moja, na babu yake Bemba mzaa baba alikuwa Mreno! (Hapo tulicheka usiku ule mpaka jirani akagonga bati.) Kabila alishinda duru ya pili kwa asilimia 58, na mashariki ndiko alikojaza kura. Hatumsifu kwa aliyoyafanya baadaye, miaka kumi na nane ni mingi na vita vyetu havikuisha. Tunachosema ni kwamba mtoto aliyekulia ukimbizini aliwahi kukaa kwenye kile kiti. Angeambiwa alete vyeti vya baba na mama, vya kutoka msituni, nani angevitia muhuri?

Kuna nchi zilizotutangulia kwenye njia hii, na mwisho wake unajulikana.

Côte d'Ivoire walibishana kama tunavyobishana sisi, neno kwa neno. Alassane Ouattara alikuwa waziri mkuu tangu 1990 hadi 1993, lakini alipotaka urais wakasema wazazi wake ni wa Burkina Faso. Kabla ya kura ya maoni ya Julai 2000 taifa zima likagawanyika juu ya maneno haya haya mawili, baba "na" mama au baba "au" mama. "Na" likashinda, Ouattara akafungiwa nje. Lakini watu wa kaskazini wenye majina kama lake walielewa kwamba siyo yeye peke yake aliyefungiwa. Polisi walikuwa wanawasimamisha barabarani, wanatilia shaka vitambulisho vyao. Septemba 2002 vita vikaanza, nchi ikakatwa katikati. Baada ya uchaguzi wa 2010 watu kama 3,000 wakafa. Ouattara yule yule akaishia kuwa rais, na katiba ya 2016 ikarudisha "au". Watu wote hao, kwa kwenda "na" na kurudi "au".

Ila msidhani aliyeumizwa na sheria anakuwa mtakatifu. Aprili 2025, Ouattara akiwa bado madarakani, mahakama ya Abidjan ilimfuta Tidjane Thiam kwenye orodha ya wapiga kura kwa sababu alichukua uraia wa Ufaransa mwaka 1987. Mpinzani mkubwa akaondoka hivyo, na Ouattara akachukua muhula wa nne. Silaha hii haiozi. Aliyechomwa nayo jana anaiokota leo.

Zambia ni karibu zaidi. Kenneth Kaunda alizaliwa Lubwa, Chinsali, mwaka 1924, baba yake mwalimu wa misheni kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Alileta uhuru na kutawala miaka 27. Mwaka 1996 alipotaka kurudi, serikali ya Frederick Chiluba ikabadilisha katiba: wazazi wote wawili wa mgombea lazima wawe Wazambia. Baba wa taifa akawa hafai kugombea kwenye taifa lake, na mwaka 1999 mahakama moja ikafika hatua ya kusema hata uraia hana. Sasa sikilizeni: Chiluba mwenyewe alishitakiwa kwa kifungu kile kile, washitaki wakidai kwamba alizaliwa Kongo na baba yake si Mzambia. Mahakama Kuu kabisa ilitupa kesi hiyo mwaka 1998, lakini alishaonja. Mwaka 2016 Zambia ikakiondoa kifungu cha wazazi.

Turudi kwa wale wanaosambaza "Kongo kwa Wakongomani" kwenye magrupu. Hatuwaiti wajinga. Wengi ni jirani zetu, na mmoja ni mwenzetu wa Ijumaa. Alisaidia kusoma katiba pamoja nasi na bado anashikilia msimamo wake. Hoja yake ni hii: nchi yetu imeingiliwa na majirani tangu 1996, Goma na Bukavu zimechukuliwa mwaka 2025, na wewe unataka kufungua mlango wa ikulu? Akisema hivyo anakuwa na machozi karibu, kwa sababu ana dada kule. Hofu yake ni ya kweli na hatuwezi kuipiga teke.

Lakini tulimuuliza, na tunawauliza ninyi: ni nani aliyekula Kongo zaidi? Mobutu alizaliwa Lisala, baba na mama Wakongomani, wala hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Miaka 32. Wazee wanakumbuka walimu wasiolipwa na barabara zilizorudi kuwa msitu. Waliouza madini gizani, majenerali waliokula mishahara ya askari, wengi wao ukipima damu utakuta asilimia mia. Jirani anayetaka kuiingilia Kongo hahitaji kupata mtoto chotara na kumsubiri miaka 30. Anamtafuta mtu wa baba na mama, anamlipa.

Kama wanataka kulinda kiti, kuna maswali ya maana zaidi ya kumuuliza mgombea. Mali zako ziko wapi? Watoto wako wanasoma wapi, na kwa pesa ya nani? Ulikuwa wapi nchi ilipokuwa inaungua, na ulikuwa upande gani? Hayo hata sisi tungeyauliza kwa sauti kubwa. Kumkataza aliyeshika pasi mbili kwa wakati mmoja, tunaelewa, hata Kongo ya leo inakataza. Mtu alichagua pasi ile akiwa na akili zake. Lakini baba hukumchagua.

Sisi hatuna kura. Hatujui hata mwaka gani tutarudi. Kitu tunachoweza kufanya ni kidogo, na tumeanza kukifanya: kila mama mwenye ndoa ya mchanganyiko tunamshauri aangalie karatasi ya kuzaliwa ya mtoto wake, kama jina lake yeye limeandikwa sawasawa, pamoja na uraia wake na mahali alipotoka, siyo la baba peke yake. Tumekuta makosa mengi ya kushangaza. Mama mmoja ameandikwa kwa jina la utani. Mwingine kijiji chake kimeandikwa jina la mto. Makosa haya yakirekebishwa leo ni kazi ya dakika kumi. Yakisubiri miaka ishirini ni kesi. Walio kambi nyingine, fanyeni hivyo hivyo, na mkikwama tuandikieni.

Ijumaa iliyofuata tulimpa msichana jibu lake. Tulimwambia: Tanzania hapana. Burundi ndiyo, kwa sababu ya baba. Kongo ndiyo, kwa sababu ya mama, maadamu lile neno halijaondolewa. Lakini itabidi uchague moja. Yule mvulana wa nyuma hakuridhika, akataka kuona kwenye simu, tukamuonyesha. Msichana yeye aliuliza miaka 30 ni lini. Amezaliwa 2016. Tukapiga hesabu ubaoni, uchaguzi wa Kongo kila miaka mitano, 2028, 2033, 2038, 2043, na hapo bado atakuwa na miaka 27. Kwa hiyo ni 2048. Akaiandika hiyo namba nyuma ya daftari lake, akaomba ruhusa kwenda kuchota maji kabla bomba halijafungwa.

Ijumaa ijayo mada ni hii hii, watu wazima wanakaribishwa. Mwenzetu anayetaka "na" ameahidi kuja kujitetea, na sisi tutakuwepo. Njooni mapema, viti ni vichache.